Unga Chini ya Kigoda

Asubuhi hiyo Sikudhani alifagia jiko mara mbili, na mara zote mbili unga ulirudi palepale.

Ulikuwa mweupe na laini kama wa mhogo, umejikusanya chini ya kigoda chake cha paini. Mara ya kwanza alidhani ni unga kweli, umemwagika wakati akisonga ugali wa jana. Mara ya pili alipiga magoti, akauchota kwa ncha ya kidole, akaunusa. Ulinuka ubao. Akakipindua kigoda. Kwenye mguu mmoja, upande wa ndani, palikuwa na tundu dogo la mviringo, safi kama limetobolewa na seremala.

Alisimama kwa muda, kigoda mkononi, maji ya chai yakichemka peke yake. Kisha akaenda chumba cha pili kuchukua kisikizi.

Kisikizi kilikuwa cha marehemu mumewe, Mbelwa Hoza. Ni sindano ndefu yenye waya unaokwenda sikioni. Ukiichomeka kwenye ubao unamsikia mdudu aliye ndani anavyotafuna, hata awe mdogo kiasi gani. Mbelwa alizunguka nacho msitu wa Magamba miaka na miaka, akichoma sindano kwenye kila mti wa mkulo uliokufa ungali umesimama, akisikiliza kama daktari. Kwenye mti wa namna hiyo ndiko alikofia. Tawi alilolikanyaga lilikuwa limeliwa ndani, na yeye, ambaye masikio yake yaliwahi kusikia buu mmoja kwenye gogo zima, siku hiyo hakusikia kitu.

Sikudhani alichomeka sindano kwenye mguu wa kigoda. Kimya. Halafu, krrr. Kimya tena. Krrr, krrr, krrr.

Hakuhitaji kusikia zaidi. Aliishi na mbawakawa wa aina mbili chumba cha pili, na sauti zao alizijua kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake. Wa kwanza ni mbawakawa wa mkulo, wa hapahapa Usambara, ambaye watu wa nyumba ile walimwita Fundi kwa sababu dume lake hugonga ubao kwa kichwa akimwita jike. Ni mweusi, ana mkanda wa njano mgongoni na vipapasio virefu kuliko mwili. Buu wake hutafuna polepole, kama mtu anayekula muwa huku anawaza mambo mengine. Wa pili alitoka kisiwa cha baridi huko kusini kabisa mwa Chile, kwenye mti mwekundu uitwao alerse. Huyo walimwita Mgeni. Ni wa rangi ya shaba mbichi, vipapasio vifupi, hagongi bali hulia kwa kusugua miguu, na buu wake hula kwa pupa, kwa mafungu, kisha hupumzika.

Aliyekuwa kwenye kigoda alikula kwa pupa.

Ndipo akakumbuka. Msimu uliopita, alipokuwa akibadilisha magogo, jike mmoja wa Mgeni alimponyoka. Alimtafuta chini ya kitanda na nyuma ya madebe, na kesho yake akamkuta amekufa juu ya kigoda hikihiki. Alimtupa. Hakufikiri kwamba kabla ya kufa alikuwa ameshataga.

Maana yake ilimjia taratibu, na kila ilivyomjia ndivyo alivyozidi kukikamata kigoda. Tangu mwaka ule ukungu ulipokatika milimani, hakuna mbawakawa wa msituni aliyeweza kuishi nje ya kisanduku cha ukungu, ile mashine inayotoa hewa baridi yenye unyevu kama ya msitu wa zamani. Fundi akitolewa nje, siku ya tatu amekauka. Na hali kitu kingine isipokuwa mkulo. Lakini huyu alikuwa amekaa karibu mwaka mzima jikoni, kando ya moto, kwenye ubao mkavu wa paini uliosafiri kutoka Lushoto mjini, na alikuwa anakula kwa raha zake.

Na baraza la kuwapima hao wawili lilikuwa keshokutwa.

*

Shemeji yake Kaoneka, kaka mkubwa wa Mbelwa, alifika mchana na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mzee mwenye mdomo, asiyejua kuingia mahali bila kulalamika.

"Shemeji, hata kiti hunipi? Au siku hizi viti ni vya wadudu tu?"

"Ndiyo hivyo, shemeji. Kaa kwenye debe."

Alicheka, kisha akaona kwamba shemeji yake hacheki. Sikudhani akamvisha kisikizi sikioni. Kaoneka alisikiliza, uso ukajikunja.

"Wetu?"

"Mgeni."

"Kwenye paini?"

"Kwenye paini. Nje ya kisanduku. Tangu mwaka jana."

Kaoneka alivua kile kidude sikioni akakiweka mezani kwa uangalifu. Alikuwa ameelewa. Kila mtu Magamba alizijua habari za Mizani, mashine ya kupima viumbe, kwa sababu Mizani ilikuwa imeshawapokonya kinyonga wao na chura wao. Misitu mipya ilikuwa inapandwa ndani ya makuba, majengo ya duara yenye ukungu wa mashine, na nafasi ndani yake hazikutosha. Kwa hiyo kanuni ikawa kazi moja, kiumbe mmoja. Wakitokea wawili wenye kazi sawa, kama hawa wa kula miti iliyokufa na kuirudisha kuwa udongo, hupimwa. Mizani husoma vinasaba vyao, ulaji wao, uzazi wao. Wakikaribiana sana, ushahidi wa walezi ndio unaoamua. Na anayeshindwa huchomwa pamoja na magogo yake, huko kwao na huku ugenini, ili asibaki mdudu wa kutoboa miti bila mwenyewe.

Zamani kila mlezi alimsemea wa kwake, na wote walidanganya. Sheria ikageuzwa. Sasa kila mlezi hupewa wa mwenzake amlee, na siku ya baraza humsemea huyo wa mwenzake. Akigundulika kwamba ameficha jema lolote la mgeni wake, wa kwake mwenyewe hufutwa.

"Nani mwingine anajua?" Kaoneka aliuliza.

"Wewe."

"Basi hakuna anayejua."

"Shemeji."

"Mizani inasikia vilivyomo kwenye visanduku. Kigoda hiki kimo kwenye kisanduku? Hakimo. Kigoda ni chako, umekinunua, unakalia. Hebu kitie jikoni kiungue, kesho nitakununulia kingine chenye mgongo kabisa, uegemee kama bibi harusi."

"Yule mama wa Chile anayemlea wetu ananiamini."

"Na Mbelwa je? Mbelwa hakukuamini?"

Hilo alikuwa amelitarajia, na bado lilimchoma. Kaoneka aliangalia chini, kwenye viganja vyake.

"Unajua kwa nini nasema," alisema kwa sauti ndogo.

Alijua. Siku Mbelwa alipoletwa nyumbani kwenye machela, kabla ukungu haujakatika, majirani walikuja kama desturi, kila mtu na alichonacho, na moto wa matanga ukawashwa uani. Watu walikuwa wengi na kuni zikaisha siku ya pili. Vijana wakamwuliza Kaoneka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimamizi wa msiba, kama yale magogo makavu yaliyopangwa vizuri kwenye banda la nyuma yanaweza kupasuliwa. Naye, kichwa kikiwa kimejaa sanda na kaburi na wageni wa kulala, akasema chukueni. Ndani yake mlikuwa na mabuu wa Fundi, kazi ya Mbelwa ya miaka kumi na mitano. Wakayapikia wali. Sikudhani alikuwa ndani amefunikwa kanga, amezungukwa na wanawake, akasikia vitu vikilipuka motoni kama bisi, asijue ni nini.

Lilisalia gogo moja, na lilisalia kwa sababu Kaoneka mwenyewe alikuwa amelikalia tangu asubuhi akipokea rambirambi.

"Kizazi kizima kilipona chini ya makalio yangu," Kaoneka alisema, "na watu hunitania mpaka leo, na mimi nacheka. Lakini usiku huwa sicheki, shemeji. Kama huyu mdudu akichomwa mara ya pili, basi ni mimi niliyemmaliza mdogo wangu. Mti ulimvunja shingo tu."

Sikudhani alichukua chungu akaanza kumenya ndizi. Kigoda alikirudisha pembeni ya moto, lakini mbali kidogo kuliko kilivyokuwa.

*

Siku ya baraza kioo cha ukutani kiliwaka saa nne. Upande mmoja alitokea karani, Ndugu Mhando, kijana nadhifu aliyesema kila neno kana kwamba anasoma tangazo la mnada. Upande wa pili alitokea Ermelinda Millalonco, mlezi wa Mgeni huko kisiwani kwao, amevaa sweta mbili na nywele zimelowa mvua. Kaoneka alikaa kwenye debe nyuma ya mlango, mahali ambapo kioo hakimwoni.

Wanawake hao wawili hawakuwahi kuonana isipokuwa kwenye kioo, na waliongea kwa mkalimani, sauti ya mashine sikioni. Mwaka mzima walipigiana kuulizana joto, unyevu, mbona huyu hali, mbona yule amelala chali. Ni Sikudhani aliyemwambia siku moja, kwa mzaha, kwamba wao ni wake wenza, kwa sababu kila mmoja anamlea mtoto wa mwenzake na hakuna anayemshukuru. Mkalimani alihangaika na neno hilo. Ermelinda alipolielewa alicheka mpaka akajifuta macho, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine.

"Mke mwenza," alisema sasa, akitikisa mkono kidogo.

"Mke mwenza," Sikudhani aliitikia.

Mhando alisoma matokeo ya Mizani. Wadudu wawili walikuwa wamelingana kiasi kwamba mashine ilikataa kuchagua. Mgeni alizaa zaidi. Fundi alirutubisha udongo zaidi. Mgeni alikua haraka. Fundi aliugua mara chache. Sasa ulikuwa ushahidi, na Ermelinda ndiye wa kwanza, kumsemea Fundi.

Alisema yaliyotegemewa, rangi, afya, ulaji. Kisha akavuta mikono ya sweta.

"Kuna jambo lingine," alisema. "Mwezi uliopita nilikuwa nagongelea msumari kwenye mlango. Nikasikia ndani ya kisanduku wananijibu. Nikagonga tena, wakajibu tena. Nikaenda kugonga kwa kidole kwenye gogo jipya lisilo na kitu, na majike wakatoka gogo la zamani wakaja. Nimefanya hivyo mara nyingi. Huyu mdudu anaitika akiitwa. Kwenye kuba hamtahitaji kupasua mti kumhamisha. Mtamwita tu, atakuja."

Mhando aliinua uso kwenye karatasi zake kwa mara ya kwanza.

"Naona tabu kulisema hili," Ermelinda aliendelea, "kwa sababu najua linamfanya nini wa kwangu. Lakini ndilo nililoliona."

Mbelwa aliisikiliza milio hiyo ya kugonga maisha yake yote na hakuwahi kuijibu. Hakuna aliyefikiri kwamba angejibiwa. Ilibidi mama wa ng'ambo apigilie msumari.

"Bibi Sikudhani," Mhando alisema. "Msemee mgeni wako."

Alimsemea. Alisema Mgeni ana nguvu, ana uzazi, anapenda baridi. Alisema buu wake hapotezi muda. Alisema sauti yake jioni ni nzuri, kama kitambaa kipya kinachochanwa dukani, na Ermelinda akatabasamu kwa hilo. Yote yalikuwa kweli. Aliyasema kwa moyo kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kudhani ametimiza wajibu.

"Je, kuna tabia yoyote uliyoiona nje ya kisanduku?" Mhando aliuliza. Ni swali la kawaida, huulizwa kila mlezi.

Nyuma ya mlango, debe lililia kidogo. Kaoneka alikuwa ameinuka, au amekaa vizuri.

Sikudhani aliyatazama maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye nywele za yule mwanamke. Aliwaza: nikisema, watakuja hapa kuchoma lile gogo lililosalia, na safari hii nitakuwa siko ndani nimefunikwa kanga. Nitakuwa nimesimama naangalia.

"Hapana," alisema.

*

Fundi alishinda kwa tofauti ndogo.

Sheria ilitaka mlezi awachome wageni wake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kioo. Aliyatoa magogo ya alerse kwenye kisanduku, mekundu, mazito kwa unyevu, akayapanga uani. Hakuchagua mahali, uani palikuwa na pahali pamoja tu pa moto, na mafiga ya matanga yalikuwa bado pale. Kuni zenye unyevu zilitoa moshi kwanza. Kisha zikashika. Kisha vile vitu vikaanza kulipuka.

Safari hii alijua ni nini.

Kaoneka alisimama kando yake na ndoo ya maji, kama inavyotakiwa. Alijaribu kusema kitu cha kuchekesha kuhusu moshi na macho yake, akakiacha njiani.

Wiki iliyofuata wakaja watu wa kuba na gari la baridi. Walikuwa na adabu. Walimpa mkono wa pongezi, wakabeba magogo ya Fundi, wakabeba kisanduku, wakabeba hata lile gogo la Kaoneka ambalo lilikuwa na alama ya kukaliwa. Aliuliza kama angeweza kubaki na wawili, dume na jike. Wakamweleza kwamba mali ya kuba haigawanywi. Aliuliza kama kuna mtu huko atakayewagongea. Mmoja akaandika hilo.

Walipoondoka, chumba cha pili kilikuwa na ukuta, na sakafu, na alama nne za miguu ya meza. Kaoneka alizunguka humo mikono nyuma.

"Wako salama," alisema.

"Wako salama."

"Mbelwa angefurahi."

Sikudhani alikwenda jikoni. Unga ulikuwa umerudi chini ya kigoda. Hakuufagia.

*

Simu ililia jioni moja, Sikudhani akiwa anaosha vyombo. Ermelinda hakutaka kioo, alitaka sauti tu. Mkalimani alileta maneno yake kwa ile lafudhi ya mtangazaji wa redio, lakini nyuma ya mashine alisikika mwenyewe, akipumua.

"Mke mwenza. Samahani. Nina swali la kijinga."

"Uliza."

"Wa kwangu niliwachoma haraka, nilitaka yaishe. Nikasahau kuwarekodi. Miaka yote hii sikuwahi kuwarekodi, maana walikuwepo. Wewe ulikuwa na kile kisikizi cha mumeo. Huna sauti yao popote? Hata kidogo?"

Sikudhani alikuwa na sahani mkononi, inatiririka povu. Angeweza kusema sina. Lilikuwa neno dogo, na alikwisha kusema moja kama hilo.

Aliiweka sahani chini. Alikausha mikono kwenye kanga, akachomeka sindano kwenye mguu wa kigoda, akaunganisha waya na simu.

Krrr. Kimya. Krrr, krrr.

Mkalimani hakuwa na la kutafsiri. Walisikiliza muda mrefu.

"Hii ni ya lini?" Ermelinda aliuliza hatimaye.

"Ya sasa hivi."

Pumzi ilikatika, ikarudi. Swali lililofuata lilikuwa la mlezi, la kikazi kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Sikudhani kuliko yote.

"Yuko kwenye mti gani?"

"Paini. Mkavu. Jikoni kwangu, kwenye kigoda."

"Bila ukungu?"

"Bila ukungu."

"Wako wangapi?"

"Nimetafuta kwenye kila ubao wa nyumba hii. Ni mmoja."

Mmoja hazai. Wote wawili walijua, hapakuwa na haja ya mtu kulitamka. Sikudhani akajua hasa swali linalokuja, akalisubiri amesimama, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Ulijua kabla ya baraza?"

"Nilijua."

Mvua ilisikika huko kisiwani, ikipiga paa la bati. Huku Magamba haikuwa imenyesha tangu mwezi wa nne.

"Nikiwaambia," Ermelinda alisema polepole, "watamfuta wa kwako. Watakwenda kumchoma huko kwenye kuba. Na wa kwangu hatarudi, kwa sababu ni mmoja. Hatabaki hata mmoja."

"Ndiyo."

"Ulilifikiria hilo kabla hujanichomekea hii sindano? Kwamba nitafungwa mdomo?"

Sikudhani alifungua kinywa. Alitaka kusema hapana. Alijitafuta ndani, akaona kwamba hajui, na kwamba hatajua kamwe.

"Sijui," alisema.

"Mimi niligonga msumari nikakwambia." Sauti ya mashine ilibaki tulivu, lakini ile ya nyuma yake ilipasuka. "Nilikwambia mbele ya watu wote."

"Uliniambia."

Kisha Ermelinda akasema, na hakumwita mke mwenza, wala hakumwita jina lolote:

"Sitasema kwa mtu. Na sitaongea nawe tena. Lakini nitapiga kila siku saa hizi. Wewe pokea, weka simu hapo, ondoka. Mpaka atakaponyamaza."

Simu ikakatika.

Tangu siku hiyo Sikudhani hupika amesimama. Kaoneka alimletea kiti kipya cha mgongo, kama alivyoahidi, na kiti hicho kimekaa chumba cha pili, hakuna anayekikalia. Jioni simu ikilia, hupokea bila kusema haloo, huiweka chini karibu na ule unga, huchomeka sindano, hutoka uani. Huko husimama karibu na mafiga. Kwa mlango ulio wazi husikia mvua ya kisiwani ikinyesha jikoni mwake, na ndani ya mvua, mmoja, anakula.